SOMO: CHAMA KINAPONUNUA BOTI ILIYOKWISHA TUMIKA



Somo hili linawahusu hasa wanachama wa Sibwesa na jirani zao wa Ikola na Karema, wanaofikiria kununua boti kuukuu ya kuchukulia samaki na mizigo katika Ziwa Tanganyika. Boti ya namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo, na bei ndogo huvuta macho. Lakini fedha zitakazotolewa ni za wanachama wote, na watakaopanda ni wanachama hao hao. Basi tukumbuke jambo moja: bei anayotaja muuzaji si bei ya boti. Bei ya boti ni fedha za kuinunua pamoja na fedha za kuitengeneza mpaka ifanye kazi kwa usalama.

Mfano wa Liemba

Ziwa letu lina mfano mkubwa. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kwanza walizipaka injini grisi nyingi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakaitengeneza, nayo ikarudi kazini mwaka 1927. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa, zikafungwa injini za dizeli.

Hapa tunajifunza mambo mawili. Injini zilifaa tena kwa sababu zilitunzwa hata siku ya kuzamishwa. Pili, matengenezo yalichukua miaka mitatu. Mmiliki mpya hakuharakisha.

Utaratibu wa matengenezo

1. Mwili wa boti. Ipandishwe nchi kavu. Fundi achome mkuku, mataruma na mbao kwa ncha ya kisu. Panapozama kwa urahisi pameoza. Ubao huo ubadilishwe, usifichwe kwa rangi. Nafasi kati ya mbao zitiwe kalafati upya.

2. Injini. Mafuta ya gia yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Maji ya kupoza yakitoka kidogo, injini itaungua. Tena isifungwe injini yenye nguvu kupita uwezo wa boti, maana shetri dhaifu hupasuka.

3. Usalama. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, pamoja na makasia, taa na ndoo za kufulia maji. Boti isajiliwe na kukaguliwa na TASAC.

4. Uboreshaji. Turubai, taa za umeme wa jua na sanduku la barafu ni vitu vyema, lakini vije mwisho. Mahali pengi fedha huisha kwenye rangi na turubai, na mkuku ukabaki mbovu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Majira ya matengenezo nayo yapangwe. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi kama hiyo ndiyo ya kuipandisha boti nchi kavu.

Hesabu katika vitabu

Tuchukue mfano. Chama kimenunua boti kwa shilingi 6,000,000, na kuitengeneza kwa shilingi 2,500,000 kabla haijaanza kazi. Katibu ataandika mali ya shilingi 8,500,000, wala si 6,000,000. Ikikadiriwa kudumu miaka 5, uchakavu wake ni shilingi 1,700,000 kwa mwaka. Ikifanya safari 100 kwa mwaka, kila safari inapaswa kuweka akiba ya shilingi 17,000, mbali na petroli na mishahara. Chama kisichoweka akiba hiyo kitadhani kinapata faida, kumbe kinaila boti yake. Plagi na rangi za baadaye ziandikwe kama gharama za uendeshaji.

Uamuzi ni wa wanachama

Ununuzi uidhinishwe na mkutano mkuu baada ya kusikia taarifa ya fundi asiye ndugu wala mshiriki wa muuzaji. Kama ni kwa mkopo, usivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa na Mrajis. Kila msumari uwe na stakabadhi, na kila safari iandikwe katika daftari la boti.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Je, chama chetu kina fedha za kununua tu, au za kununua na kutengeneza?
2. Nani atakagua boti kabla ya malipo?
3. Injini ikifa mwaka wa tatu, akiba itatoka wapi?

Chama kisichoweza kujibu swali la tatu kisubiri kwanza. Ni heri kukodi boti ya mwingine msimu mmoja kuliko kumiliki mzigo pwani.