Pikipiki, Bima na Haki ya Aliyegongwa

Baada ya darsa moja huko Sikonge, ndugu mmoja aliyesilimu si muda mrefu alibaki ameketi, na wenzake walipokwisha kutoka akaleta maswali yake. Pikipiki yake, ambayo alimpa kijana aifanyie kazi ya bodaboda kwa hesabu ya kila siku, ilimgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara iendayo Tabora, na mguu wa mama huyo ukavunjika. Miezi michache baadaye pikipiki hiyo hiyo ikaibwa. Akauliza: Je, kwa kuwa nilikwisha kukata bima, nadaiwa tena kitu na mama yule? Na je, bima hiyo haitanirudishia pikipiki yangu? Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba watu wamemwambia bima yote ni kamari, na kuwa wizi ule huenda ni adhabu yake.

Hili la mwisho nililikata pale pale. Mwizi ndiye mwenye dhambi ya wizi, na hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kumsomea mwenzake hukumu ya Mwenyezi Mungu katika msiba uliompata. Lakini maswali mengine yanastahili jibu refu, maana wenye kuyauliza ni wengi.

Yafaa kwanza ieleweke bima hiyo ni ya nani. Uingereza iliwalazimisha wenye magari kukata bima kwa sheria ya mwaka 1930, na mfano huo ukaletwa katika makoloni yake. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo inakataza mtu kukitumia chombo barabarani bila bima ya kumkinga mtu wa tatu. Mkataba una pande mbili, mwenye chombo na kampuni. Wa tatu ni yule mpita njia ambaye hakutia sahihi popote. Sheria haikumlazimisha ndugu yetu kukata bima kwa kumhurumia yeye. Ilimwangalia mama yule, kwa sababu aghalabu mwenye pikipiki hana mali ya kulipa gharama za mfupa uliovunjika, na mwenye kuumia asiachwe na hukumu ya mahakama mkononi pasipo mtu wa kuilipa.

Ndiyo maana bima hii ndogo, kama watu waiitavyo, haimlipi mwenye pikipiki chochote ikiibwa au ikiungua. Anayetaka kinga ya wizi sharti akate bima kubwa, au ile ya mtu wa tatu iliyoongezewa moto na wizi. Na hata hapo asome masharti. Mikataba mingi haifidii chombo kilichouzwa na dereva yule yule uliyemkabidhi, na kampuni inaweza kukataa dai ikiwa chombo kilikatiwa bima ya matumizi binafsi nacho kikabeba abiria wa kulipa, au dereva hakuwa na leseni. Wako waliobandika stika miaka yote wasijue walichokinunua! Tangu mwaka 2021 stika za karatasi zimeachwa, na uhalali wa bima hutazamwa kwa simu katika mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima; basi mwenye chombo ahakikishe mwenyewe, asiridhike na neno la wakala.

Sasa tutazame upande wa dini. Qurani Tukufu katika Sura An-Nisaa, aya ya 92, inaeleza habari ya mtu aliyeua kwa kukosea. Hakukusudia, lakini hakuachiwa aende zake: juu yake iko kafara, na warithi wa marehemu wana haki ya diya isipokuwa wao wenyewe wakisamehe. Hapa pana somo kubwa kwa madereva wetu. Neno "bahati mbaya" laweza kumwondolea mtu dhambi ya kukusudia. Haliondoi haki ya aliyeumizwa.

Lakini mzigo huo mzito aubebe nani? Walipogombana wanawake wawili wa kabila la Hudhaili, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe akafa pamoja na mimba yake, Mtukufu Mtume s.a.w. aliamua kwamba diya ya mwanamke yule ilipwe na akila, yaani jamaa wa ukoo wa aliyepiga. Baadaye, kwa maelezo ya wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi, Seyidna Umar r.a. aliwaweka watu walioandikwa katika daftari moja la askari wabebeane diya kama ukoo. Ndugu msomaji, tafakari hatua hiyo: watu wasio wa damu moja, waliounganishwa na daftari, wanamlipia mmoja wao aliyekosea bila kusudi. Wazee wa Unyamwezi hawawezi kuliona jambo hili kuwa geni. Katika misafara ya kwenda pwani mpagazi alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, na alipougua njiani mzigo wake uligawanywa kwa wenzake.

Basi kosa liko wapi? Wanavyuoni hawakuikataa nia ya kusaidiana. Waliyoyakataa ni riba, kamari na biashara ya jambo lisilojulikana. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliijadili bima ya merikebu na kuikataa. Mwaka 1985 Baraza la Fikihi lililokutana Jedda lilisema bima ya biashara haifai, likaielekeza ile ya ushirika, ambayo wanachama huchangia mfuko wao. Mfuko wa namna hiyo ulikwisha kuanza Sudani mwaka 1979, na Kenya ilipata kampuni ya takaful mwaka 2011. Wengi miongoni mwa hao wanaokataza hawamlaumu anayekata kile tu ambacho serikali imemlazimisha. Nami naongeza hili: anayekwepa bima kwa kisingizio cha dini, huku hana mali ya kumlipa atakayemgonga, amekimbia shaka akaingia katika dhuluma iliyo wazi.

Narudi kwa mama yule. Kwa fikihi, wa kwanza kudaiwa ni aliyetenda, yaani kijana dereva. Kwa kanuni inayofuatwa na mahakama zetu, mwenye chombo hudaiwa pia dereva anapokuwa katika kazi yake. Kwa hiyo ndugu yetu hawezi kusema, "Nendeni kwa kampuni." Wajibu wake ni kuipasha kampuni habari mapema kwa maandishi, na kumpatia mama yule namba ya bima na taarifa ya polisi, kwani bila hizo hawezi kudai.

Hapa pana kikwazo ambacho kimewatatiza waumini wengi. Mikataba ya bima humkataza mwenye chombo kukiri deni au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Je, afiche ukweli? Hasha. Mwumini ameamrishwa kutoa ushahidi wa kweli hata dhidi ya nafsi yake. Basi polisi aelezwe yote yaliyotokea, mwendo ulikuwaje na breki zilikuwaje. Kiasi cha fidia ndicho kiachwe kwa wenye kukisimamia. Na kumpeleka aliyeumia hospitali, kumpikia uji na kumjulia hali si kukiri deni.

Kuhusu wizi, nilimwuliza ndugu yetu: kijana aliiacha wapi? Akasema ilifungwa ndani, mlango ukavunjwa usiku. Chombo kilikuwa amana mkononi mwa kijana, na mwenye amana halipi kilichopotea bila uzembe wala hiana yake. Angaliacha ufunguo kwenye pikipiki sokoni, tungesema mengine. Ndugu yetu alikuwa amekwisha kumdai kijana alipe bei yote kwa mwaka mzima. Nilimwambia amwite, wazee wawili wakiwapo, amrudishie alichokwisha kumtoza.