Shepu, Mafuta na Basi la Kurudi Ngara

Wadogo zangu wa Ngara na Biharamulo, leo tuliongee lile mnaloniuliza kwa kunong'ona: kutolewa mafuta tumboni na kuwekewa makalioni upate shepu. Sijaja kukusema vibaya. Mwili ni wako, na kutaka kupendeza si dhambi.

Daktari anapitisha mrija mwembamba kwenye tundu dogo la ngozi, anafyonza mafuta, yanasafishwa, kisha anakuchoma nayo kidogo kidogo pale unapotaka pajae. Kwa kuwa ni ya kwako, mwili hauyakatai. Ila hayashiki yote: yanayokosa damu ya kuyalisha hupotea miezi ya mwanzo. Nawe uliye mwembamba, jiulize yatatoka wapi.

Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya makalio kuna mishipa mikubwa ya damu. Mafuta yakiingia humo hukimbilia kwenye moyo na mapafu, na mtu anaweza kufa siku hiyohiyo. Mwaka 2018 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilionya kwamba vifo vinaweza kufikia 1 kwa kila wagonjwa 3,000. Ndiyo maana vinasisitiza mafuta yaishie chini ya ngozi, yasiguse msuli.

Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar, ilianza upasuaji rekebishi wa aina hii mwaka 2023. Hospitali kama ile ina wataalamu wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi. Ukiambiwa kuna fundi anayefanyia saluni au gesti, kimbia. Na hata kliniki ikiwa inang'aa, ulizia jina kamili la daktari, kisha lihakiki kwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Halafu kuna jambo ambalo picha za mitandaoni hazikuonyeshi: kurudi nyumbani. Dar hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,000. Mafuta mapya hayatakiwi kukaliwa kwa wiki kadhaa, nawe utayakalia kwenye siti ya basi kutwa kucha? Kukaa hivyo baada ya upasuaji pia huweza kugandisha damu miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaweza kuua. Na homa ikikupanda usiku uko Kabanga au Nyakahura, aliyekupasua yuko Dar.

Kwa hiyo piga hesabu yote: upasuaji, wiki za kukaa Dar, chakula, ndugu wa kukuuguza, kurudi kliniki. Hela isiyotosha kukuweka Dar mpaka upone, mdogo wangu, haijatosha kupasuliwa. Subiri. Nakupenda ukiwa hai.