SOMO LA LEO: MZIGO, UPEPO NA PANCHA

Huku kwetu Shinyanga na Geita baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba maji, mahindi, mkaa na mawe ya dhahabu. Inampeleka mgonjwa zahanati. Baiskeli ikilala njiani, kazi nayo imelala. Na kama nyuma kuna mgonjwa, hapo hasara si ya fedha tu.

Wengi wakipata pancha humlaumu fundi: "Fundi, tyubu uliyoniuzia mbovu!" Wananunua nyingine. Kesho pancha tena! Mara nyingi tyubu haina kosa. Kosa ni mzigo mkubwa na upepo mdogo. Haya, tujifunze.

1. HESABU UZITO

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi dumu la lita 20 ni kilo 20. Tuseme wewe una kilo 60, baiskeli yako ina kilo 20, na umefunga madumu manne ya maji. Fanya hesabu:

Mtu: kilo 60
Baiskeli: kilo 20
Maji: kilo 80
Jumla: kilo 160

Sehemu kubwa ya kilo hizo inakaliwa na gurudumu la nyuma peke yake. Mzigo wa namna hii usiupande. Shuka, sukuma. Ukishuka umepunguza kilo 60 mara moja.

Ndugu zetu wa machimboni, kama vile Nyarugusu na Rwamgasa, wawe waangalifu zaidi. Jiwe ni zito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa mawe yaliyopondwa inazidi kilo 30. Kwa hiyo usipime mzigo kwa macho. Mfuko mdogo wa mawe unaweza kuushinda mfuko mkubwa wa mkaa.

2. SOMA TAIRI LAKO

Wewe sasa unajua kusoma. Basi inama usome ubavu wa tairi. Utaona namba, kwa mfano 28 x 1½. Hicho ndicho kipimo cha tairi. Ukienda dukani nunua tyubu yenye kipimo hicho hicho. Tyubu ndogo ikivutwa sana inakuwa nyembamba, na ikiwa kubwa inajikunja ndani.

Tazama tena. Matairi mengi yana namba yenye herufi PSI. Namba hiyo inaonyesha kiasi cha upepo. Kama fundi ana kipimo, mwombe ajaze kwa kufuata namba hiyo, asiipite. Kama hakuna kipimo, bonyeza tairi kwa kidole gumba kabla ya kufunga mzigo. Likibonyea kwa urahisi, ongeza upepo. Tairi la nyuma liwe gumu kuliko la mbele.

3. TUNDU LINASEMA

Ukipata pancha usikimbilie kuziba. Kwanza tazama tundu.

(a) Tundu moja dogo upande wa nje: ni mwiba, msumari au kichupa.
(b) Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama ameuma nyoka: ni upepo mdogo. Tairi lilipopiga jiwe, rimu iliibana tyubu.
(c) Tundu upande wa ndani, unaogusa rimu: ni kichwa cha spoku kimechomoza. Kipigwe tupa, kisha rimu ifunikwe kwa utepe wa mpira.
(d) Tyubu imechanika penye vali: mara nyingi upepo ulikuwa mdogo, tairi likateleza juu ya rimu na kuvuta tyubu.

Kumbe sababu mbili kati ya hizi nne zinatibiwa kwa pampu tu!

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa mahali, hapo mwiba bado upo. Usipouondoa utaziba leo na kesho utaziba tena.

4. ZUIA MIIBA

Tangu mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, sehemu nyingi za Shinyanga zimerudisha miti kwa njia ya ngitili. Migunga ni mali: inatupa kivuli, kuni na malisho. Lakini miiba yake inatoboa. Ukikata matawi ya kuzungushia boma, usiyaburuze njiani. Mbigili nayo hujaa pembeni mwa njia na mashambani. Ukifika nyumbani zungusha magurudumu polepole na uondoe kila kilichonasa. Mwiba mara nyingi huingia kidogo kidogo kabla ya kufika kwenye tyubu.

Tairi lililoisha meno ni jembamba. Libadilishe.

5. MATUNZO YA KILA WIKI

- Futa vumbi kwenye mnyororo, ndipo utie mafuta kidogo. Mafuta juu ya vumbi yanasaga chuma.
- Gusa spoku moja moja. Iliyolegea ikazwe, maana huongezea nyingine mzigo.
- Kaza nati za magurudumu na za karia.
- Jaribu breki. Rimu za chuma zikilowa breki hushika kwa shida. Siku ya mvua, ukiwa na mzigo, mteremko ushuke kwa miguu.

6. BAISKELI ZA UMEME

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki zimeingia baiskeli zenye mota na betri. Nyingi zina uzito wa kilo 20 hadi 30 kabla ya mzigo. Mota inamsaidia mtu, hivyo miguu haisikii uzito. Lakini tairi linausikia wote! Tena mota nyingi hukaa ndani ya gurudumu, na kulitoa ni kazi kwa sababu ya nyaya. Kwa hiyo mwenye baiskeli ya umeme naye ahesabu kilo na aangalie upepo kila siku.

Ndugu msomaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika tano za pampu asubuhi ni bora kuliko kusukuma baiskeli yenye mgonjwa usiku.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mtu wa kilo 65 ana baiskeli ya kilo 20 na madumu matatu ya maji ya lita 20. Jumla ni kilo ngapi?
2. Umekuta matundu mawili sambamba kwenye tyubu. Sababu ni nini? Utafanya nini?
3. Je, kijijini kwenu pampu zinatosha? Mnaweza kuchanga mkanunua moja ya kikundi?