SOMO LA NYUMBANI: MAJUMA YA MWISHO YA KUMNGOJEA MTOTO



Kwa desturi, habari za uja uzito huachiwa wanawake. Baba akisikia wanazungumza hayo, huchukua kofia yake akatoka. Lakini katika majuma ya mwisho uhai wa watu wawili hutegemea mambo yanayoamuliwa na nyumba nzima: fedha, usafiri, na neno la kusema "twendeni." Kwa hiyo namwomba baba asitoke. Aketi, tusome pamoja.

1. Tujifunze kuhesabu

Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nayo huchukua siku 280, yaani majuma 40. Iko njia rahisi ya kuipata tarehe: ongeza siku 7, kisha rudi nyuma miezi 3. Mfano: mama aliona hedhi yake ya mwisho tarehe 3 Juni. Ongeza 7, tunapata 10 Juni. Rudi nyuma miezi mitatu, tunapata 10 Machi ya mwaka unaofuata.

Je, mtoto atazaliwa tarehe 10 Machi? Yamkini hapana. Ni watoto wachache tu, kama mmoja katika ishirini, wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa. Mimba hufikia wakati wake kuanzia juma la 37, na haifai kupita juma la 42. Kwa mama wetu huyu, mtoto aweza kuja wakati wo wote kati ya 17 Februari na 24 Machi. Hayo ni majuma matano. Basi nyumba inayojiandaa kwa tarehe 10 Machi imechelewa. Yafaa kila kitu kiwe tayari kabla ya 17 Februari. Na ikiwa juma la 41 limefika bila uchungu, mama asikae akisema "bado hajataka." Aende akapimwe.

2. Mwili wa mama wakati huu

Mara nyingi, hasa kwa mimba ya kwanza, kichwa cha mtoto hushuka kabla ya uchungu kuanza. Mama hupumua vizuri zaidi, lakini hukojoa mara kwa mara na kiuno humwuma. Usingizi hukatika. Alale kwa ubavu, si chali, maana akilala chali uzito wa mtoto hukandamiza mishipa mikubwa ya damu.

Ale chakula cha kutosha. Wako wanaomkataza mayai wakisema mtoto atazaliwa na kipara. Hilo si kweli. Yai hujenga mwili wa mama na wa mtoto. Aendelee na vidonge vya kuongeza damu, alale ndani ya chandarua, wala asiache kliniki. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonwe mara nane katika mimba, na mara nne kati ya hizo ni katika juma la 34, 36, 38 na 40. Hapo ndipo hutazamwa kama mtoto ametanguliza kichwa, au makalio, au amelala kimshazari. Ni heri kulijua hilo mapema kuliko kulijua usiku wa manane.

Dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu tuziache. Zaweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, hata ukapasuka, na mtoto akakosa hewa.

3. Uchungu wa kweli na dalili za hatari

Uchungu wa uongo huja na kwenda bila mpango, na mara nyingi hutulia mama akitembea au akipumzika. Uchungu wa kweli huja kwa vipindi, vipindi vikazidi kukaribiana, na maumivu yakazidi nguvu. Huenda pia ukatoka ute wenye damu kidogo.

Lakini haya yafuatayo hayangojei uchungu. Mama aende hospitali mara moja: damu kutiririka, chupa kupasuka, kichwa kuuma sana au macho kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, na mtoto kupunguza kucheza. Wengine husema mtoto hutulia akikaribia kuzaliwa. Sivyo. Mtoto mzima hucheza mpaka mwisho.

4. Kuchelewa kwa namna tatu

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hupotea kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Ya tatu ni ya hospitali na serikali. Mbili za kwanza ni zetu.

Nilimjua mama mmoja ambaye chupa yake ilipasuka usiku. Mumewe alikuwa safarini. Mama mkwe alisema, "Tungoje mwenye nyumba." Fedha zilikuwamo sandukuni, na ufunguo alikuwa nao mume. Wakangoja hadi adhuhuri ya siku ya pili. Mama alipona, mtoto hakupona. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Hapakuwa na mtu aliyepewa ruhusa ya kuamua.

Tumepiga hatua. Utafiti wa taifa la Tanzania wa 2015/16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Lakini nyumbani kwa mtu hesabu huwa ni moja tu.

5. Kazi ya nyumba kabla ya juma la 37

(a) Fedha ziwekwe mahali anapoweza kuzichukua mama mwenyewe.
(b) Atajwe mtu wa pili wa kuamua, baba asipokuwapo.
(c) Dereva aulizwe mapema, na namba ya gari la wagonjwa iulizwe kliniki.
(d) Mwenye kukaa mbali ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya kungojea wajawazito kama ipo.
(e) Mfuko mmoja ufungwe: kadi ya kliniki, kanga safi, nguo za mtoto, na vitu vyote mkunga alivyoagiza.
(f) Watajwe watu wawili walio tayari kutoa damu.
(g) Jirani aombwe kuwatazama watoto wengine.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Leo usiku mama akishikwa na uchungu, nani atakwenda kumwita dereva?
2. Fedha ziko wapi, na ufunguo anao nani?
3. Mtaani kwetu yuko mama gani aliye katika majuma haya, na nani amemchotea maji juma hili?