Watoto Watatu, Kiti Kimoja cha Nyuma



Somo la mwezi huu linatokana na swali ambalo tumeulizwa katika vikundi kadhaa. Mtu na mkewe wana gari ndogo ya watu watano, tuseme Probox au Corolla, na watoto watatu ambao bado ni wadogo. Je, viti vitatu vya watoto vitaingia nyuma? Wengine watasema hayo ni mambo ya watu wa Nairobi. Lakini magari yamefika vijijini, kuna vikundi vilivyonunua gari ya kukodisha kwa pesa za chama, na Krismasi ikifika wajukuu huletwa kwa nyanya wakiwa wamebebana kama viazi ndani ya gunia. Basi swali ni letu pia.

Kwanza tuelewane kwa nini kiti. Akina mama wengi hutuambia, "Mimi nitampakata, nitamshika sana." Haya, tupige hesabu. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa, igonge kitu na isimame katika nafasi ya nusu mita, mtoto wa kilo 10 hurushwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi, yale ya kilo 90, na bado kunabaki kidogo. Hakuna mikono ya kushika mzigo huo. Kumfunga mtoto pamoja nawe ndani ya mshipi mmoja ni vibaya zaidi, maana mwili wako ndio utakaomkandamiza. Nao mshipi wa gari peke yake ulitengenezewa mtu mzima: kwa mtoto mdogo hupita shingoni na juu ya tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo kwa asilimia 60.

Sasa tuje kwa nafasi. Chukua tepu ya fundi wa nguo, upime kiti cha nyuma kutoka mlango hadi mlango, pale chini wanapokalia watu na tena juu kwa mabega. Viti vingi vya watoto vina upana wa kama sentimita 44. Mara tatu ni 132. Ukipima gari ndogo huenda ukapata 130 au chini ya hapo, ndipo watu hukata tamaa na kumwacha mmoja bila kiti. Lakini ngojeni kidogo. Kiti hakina upana mmoja kila mahali. Kinachotazama nyuma huwa kipana upande wa kichwa, karibu na viti vya mbele. Kinachotazama mbele ni kipana kule juu kwenye mgongo wa kiti cha gari. Ukiviweka jirani, kimoja kinatazama nyuma na kingine mbele, vinapishana na kubana nafasi.

Tuchukue familia yenye mtoto wa miezi 8, mwingine wa miaka 3 na mkubwa wa miaka 7. Yule mdogo lazima atazame nyuma, angalau mpaka apite miezi 15, kwa sababu shingo yake bado ni laini. Wa pili anahitaji kiti chenye mishipi yake ya mabega. Mkubwa anatosha na kile kiti kifupi kisicho na mgongo, cha kumwinua ili mshipi wa gari umpite begani na mapajani. Hicho kifupi ndicho chembamba kuliko vyote, na ndicho kinachookoa nafasi.

Nani akae wapi? Tazama mshipi wa katikati. Katika magari mengi ya zamani ni wa kiunoni tu. Kiti cha kumwinua mtoto hakifai hapo, kwa kuwa hakuna mshipi wa begani. Kwa hivyo mkubwa akae mlangoni, nyuma ya dereva, na ile kufuli ya watoto ya mlango ifungwe asije akashukia barabarani. Wa miaka 3 akae katikati, ikiwa maandishi ya kiti chake yanaruhusu mshipi wa kiunoni. Mdogo akae upande wa kushoto, ili mama amtoe akiwa amesimama kando ya barabara.

Anza kufunga kile cha katikati. Kandamiza kwa goti, vuta mshipi mpaka ukaze, kisha kitikise mahali mshipi unapopita: kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mwisho weka cha mkubwa, uangalie kisikalie kifungo cha mshipi, na mtoto mwenyewe aweze kukifikia. Kiti kilichofungwa kwa mshipi waweza kukisogeza kidogo. Kile cha kunasa kwenye vyuma vya gari hakihami.

Wakati wa baridi, kama kule Kinangop asubuhi, vua koti zito kwanza, funga mishipi ikaze mwilini, ndipo umfunike mtoto shuka juu yake.

Na kama vimekataa kabisa? Usivilazimishe vikapandana. Huko Uingereza sheria imefikiria jambo hili: nyuma pakikosa nafasi ya kiti cha tatu, mtoto wa chini ya miaka 3 huenda mbele katika kiti chake, na aliyefika 3 huruhusiwa nyuma kwa mshipi wa kawaida. Sisi tungemhamisha mkubwa mbele, na kiti chake cha kumwinua, na kiti cha gari kisukumwe nyuma kabisa. Lakini mtoto anayetazama nyuma asiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukifumuka hupiga mgongo wa kiti chake, pale pale kilipo kichwa.

Bei ndiyo shida, twajua. Mto au gunia la nguo si kiti. Hubonyea na mtoto huteleza chini ya mshipi. Cha mtumba chaweza kufaa kama plastiki haina ufa, mishipi yote ipo, na maandishi ya tarehe na uzito bado yasomeka. Muuzaji asipojua kama kiliwahi kuwa ndani ya ajali, kiache. Mtoto hukipita kiti cha kwanza upesi, vingi mwisho wake ni kilo 13. Kwa nini kikundi kisinunue vichache, viazimwe kama tunavyoazimana hema na sufuria za harusi? Katibu aandike nani amekichukua. Na aliyepata ajali aseme, hata kama kiti chaonekana kizima, maana hakitumiki tena.

Kwenye matatu, ambako mishipi ililazimishwa mwaka wa 2004 wakati wa waziri John Michuki, mtoto mkubwa alipiwe kiti chake na afungwe. Kwa mchanga hatujaona jibu zuri.

Ya kujadiliana kikundini: Ni watoto wangapi wa wanachama wetu husafiri kwa gari ndogo, na wana uzito gani? Tukinunua viti viwili mwaka huu, tuanze na vya umri gani? Mwenye kuazima akificha ajali, tufanyeje? Kabla ya kujibu, mmoja alete tepu, mpime gari iliyo karibu.