Kufuli Tatu za Daftari la Mtandaoni: Somo kwa Vikundi vya Kuweka na Kukopa

Mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa analifahamu sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe hutunzwa na mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Siku ya kikao hufunguliwa mbele ya wote, fedha huhesabiwa kwa sauti, kisha hufungwa tena. Utaratibu huo haukuwekwa kwa kuwa wanachama ni wezi. Uliwekwa ili mwaminifu asishukiwe, na mwenye tamaa asijaribiwe.

Siku hizi vipo vikundi vilivyohamisha hesabu zao kutoka katika daftari la karatasi kwenda kwenye lahajedwali la mtandaoni, yaani jedwali la safu na mistari linalohifadhiwa kwenye intaneti na kufunguliwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja, kwa simu au kompyuta. Faida yake haina ubishi. Katika kata kama Soga, yenye kituo cha reli ya kisasa itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, mweka hazina anaweza kuwa mjini kwa biashara, katibu akawa shambani, na mwenyekiti akawa Mlandizi akifuatilia maombi ya mkopo. Wote watatu wakasoma hesabu ileile, na bila kusubiri daftari lirudi.

Hata hivyo, kikundi kilichofunga fedha zake kwa kufuli tatu huweza kuacha taarifa zake bila kufuli hata moja. Kiungo cha jedwali hutumwa katika kundi la WhatsApp, na tangu hapo kila anayekipata, hata kwa kutumiwa na mtu wa pembeni, husoma yote yaliyomo, na pengine hufuta. Somo hili linaeleza kufuli tatu zinazopaswa kuwekwa kwenye jedwali la kikundi. Mfano unaotumika ni Google Sheets, programu inayopatikana bila malipo kwa mwenye akaunti ya Google.

Kinacholindwa ni nini?

Jedwali la kikundi huwa na mambo mengi kuliko fedha. Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachojiandaa kuomba mkopo huo hukusanya majina kamili, namba za simu, namba za Kitambulisho cha Taifa, hisa na madeni ya kila mwanachama. Namba ya kitambulisho ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mhusika. Anayeiona namba hiyo amekwisha kujua na umri.

Taarifa hizo zikikaa mahali pamoja huwa na thamani kwa tapeli. Ujumbe wa kubahatisha usemao “ile hela tuma kwenye namba hii” hupuuzwa na wengi. Lakini anayepiga simu akamtaja mama kwa jina lake kamili, akataja kikundi chake, kiasi anachodaiwa na tarehe ya rejesho lijalo, huaminika upesi. Hakuna mtambo uliovunjwa hapo. Mtu amesoma tu jedwali lililoachwa wazi.

Sheria nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, ziwe zile zinazohitajika tu, ziwe sahihi, na zilindwe. Miamala ya kifedha ya mtu imehesabiwa humo kuwa miongoni mwa taarifa binafsi nyeti. Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo pia hupokea malalamiko ya wananchi. Aidha, kuingia katika mfumo wa kompyuta au kubadili taarifa zake bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kufuli ya kwanza: nani anafungua

Kitufe cha kushirikisha jedwali hutoa njia mbili. Ya kwanza humruhusu mtu yeyote mwenye kiungo. Ya pili huruhusu watu waliotajwa tu, kila mmoja kwa anwani yake ya barua pepe. Njia ya kwanza ni nyepesi, na wepesi huo ndio hatari yake, kwa kuwa kiungo hakijui kimeshikwa na nani. Mwanachama aliyeondoka kikundini mwaka uliopita bado anacho katika simu yake. Simu hiyo ikiuzwa bila kufutwa, mnunuzi naye anacho.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana upesi. Jedwali likiruhusu mwenye kiungo kuandika, mabadiliko yaliyofanywa na mtu asiyeingia kwa akaunti yake hayabebi jina. Siku hesabu zitakapogongana, kikundi kitaona kwamba namba ilibadilishwa, lakini hakitaona aliyeibadilisha. Kwa sababu hiyo jedwali lenye hesabu za watu linapaswa kuwekwa katika njia ya pili, na orodha ya walioruhusiwa isomwe kikaoni kama inavyosomwa orodha ya wenye funguo za sanduku.

Kufuli ya pili: kila mmoja na kazi yake

Kumruhusu mtu kuingia si kumruhusu kufanya kila kitu. Programu hutoa ngazi tatu: mtazamaji, ambaye husoma tu, mtoa maoni, ambaye husoma na kuandika hoja pembeni bila kugusa namba, na mhariri, ambaye huandika na kufuta. Kwa kikundi cha watu 20, wahariri wawili wanatosha, kwa mfano katibu na mweka hazina. Wakaguzi wa hesabu huweza kuwa watoa maoni. Ikumbukwe pia kwamba mhariri, kwa kawaida, anaweza kuwaalika watu wengine na kubadili ruhusa zao. Mmiliki wa jedwali anaweza kuizima nafasi hiyo katika mipangilio ya kushirikisha, na inafaa aizime.

Hata wahariri waaminifu hukosea. Tuseme mwanachama namba 7 amerejesha shilingi 50,000, na kidole kikaruka sifuri moja, zikaandikwa 5,000. Kosa hilo hujitokeza pale jumla inapokataa kulingana na fedha zilizomo sandukuni. Kosa baya zaidi ni kupanga upya safu moja peke yake. Majina yakipangwa kwa alfabeti huku madeni yakibaki mahali pake, kila deni huhamia kwa mtu mwingine, na jumla ya chini haibadiliki hata kwa shilingi moja. Aliyemaliza kulipa anaonekana anadaiwa, anayedaiwa anaonekana huru, na hakuna anayeshtuka mpaka siku ya kugawana.

Dawa yake ni kufunga sehemu za jedwali. Programu humwezesha mmiliki kuchagua seli, safu au karatasi nzima na kuamua nani kati ya wahariri anaweza kuigusa. Safu ya majina, safu ya namba za wanachama na seli zenye kanuni za kujumlisha zifungwe. Safu ya marejesho ya mwezi unaoendelea iachwe wazi kwa mweka hazina. Na mwezi ukishakaguliwa, nao ufungwe.

Kuficha si kufunga

Hapa pana kosa ambalo hata ofisi kubwa zimelifanya. Jedwali huruhusu safu au karatasi nzima kufichwa isionekane. Wengi hudhani kwamba kilichofichwa kimelindwa, ilhali kimefunikwa tu, na yeyote anayepokea nakala ya faili anaweza kukifunua.

Mwezi Agosti 2023, Jeshi la Polisi la Ireland ya Kaskazini lilijibu ombi la taarifa lililoletwa na mwananchi kwa kumtumia jedwali lenye takwimu za watumishi wake. Ndani ya faili hilo ilibaki karatasi iliyofichwa yenye majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi 9,483. Faili lilikaa hadharani mtandaoni kwa saa chache kabla ya kuondolewa, katika nchi ambayo askari wengi huficha kazi yao hata kwa majirani kwa kuhofia maisha yao. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ililitoza jeshi hilo faini ya pauni 750,000. Hapakuwa na mdukuzi katika kisa hicho. Palikuwa na karatasi iliyofichwa badala ya kuondolewa.

Kufunga sehemu nako kuna mpaka. Sehemu iliyofungwa haiwezi kubadilishwa na asiyeruhusiwa, lakini huendelea kusomwa, kwa kuwa ruhusa ya kusoma hutolewa kwa faili zima, wala si kwa karatasi mojamoja ndani yake. Chaguo la kumzuia mtazamaji asipakue, asichapishe wala asinakili halimzuii kupiga picha ya kioo cha simu yake.

Njia iliyo salama ni kutenganisha. Kikundi kiwe na mafaili mawili. La kwanza liwe na majina, simu na namba za vitambulisho, na lifunguliwe na viongozi wawili au watatu. La pili liwe na hisa, mikopo na marejesho kwa namba ya mwanachama pasipo jina, na ndilo wanachama waruhusiwe kulitazama. Mwanachama namba 7 ataiona hesabu yake na jumla ya kikundi. Mpita njia ataona tarakimu zisizo na mwenyewe. Faili la pili liundwe upya, lisitengenezwe kwa kufuta majina katika la zamani, kwa kuwa programu huhifadhi matoleo yaliyopita, na mhariri anaweza kurudi nyuma akayasoma yaliyofutwa.

Kufuli ya tatu: akaunti na mmiliki

Kila jedwali lina mmiliki mmoja, na huyo ni akaunti iliyoliunda. Mara nyingi akaunti hiyo ni ya kijana mmoja aliyejitolea kwa kuwa anaijua kompyuta. Akihama, akigombana na wenzake, akifariki au akisahau neno lake la siri, daftari la watu 20 huondoka naye. Google nayo imeweka utaratibu wa kuweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, pamoja na vyote vilivyomo.

Kwa hiyo kikundi kifungue akaunti kwa jina la kikundi, na iwe mmiliki wa mafaili yote. Neno lake la siri liandikwe, litiwe katika bahasha na kuwekwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu. Uthibitishaji wa hatua mbili uwashwe, ili anayelijua neno la siri peke yake asiweze kuingia. Viongozi watumie akaunti zao binafsi kwa kazi za kila siku; wakiitumia wote akaunti ya kikundi, rejesta ya mabadiliko itaonyesha jina moja tu, na tofauti kati ya katibu na mweka hazina itapotea. Siku ya kukabidhi uongozi, kubadilisha neno la siri na kuondoa ruhusa za waliotoka kuwe sehemu ya makabidhiano, sawasawa na kukabidhi muhuri.

Taarifa zikivuja au kuharibika

Namba zikiharibika, viongozi wasianze kusahihisha kwa kukumbuka. Wafungue historia ya matoleo, watafute hali ya jedwali kabla ya kosa, walinganishe na daftari la karatasi, kisha wairejeshe. Nakala ya kila mwisho wa mwezi ipakuliwe na kuhifadhiwa nje ya mtandao, na muhtasari wake uliochapishwa utiwe sahihi kikaoni.

Kiungo kikivuja, ruhusa ya mwenye kiungo izimwe mara moja, na wanachama waambiwe siku hiyohiyo ni taarifa zipi zilikuwa wazi. Kuwaficha ni kumsaidia tapeli. Mwanachama mwenye wasiwasi apige *106# kuhakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya anayejaribu kumtapeli airipoti kwa ujumbe kwenda 15040.

Zoezi la kikao kijacho

Kabla ya kufungua sanduku, katibu afungue jedwali mbele ya wanachama na maswali haya matano yajibiwe: Je, linafunguka kwa yeyote mwenye kiungo? Wahariri ni nani, na wote bado ni viongozi? Namba za vitambulisho zimo katika faili wanalolisoma wote? Mmiliki ni akaunti ya nani? Nakala ya mwisho ilihifadhiwa lini? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, na kila jibu lenye kasoro lipewe mtu na tarehe. Kikundi kitakachokwama kimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikiwa na muhtasari huo mkononi.