Kufufua Land Rover ya Zamani

Huenda katika kijiji chako kuna Land Rover iliyokufa. Imeegeshwa chini ya mwembe. Kuku hutaga ndani yake. Watoto huchezea usukani. Mwenyewe amekwisha kukata tamaa, naye anasema atakuuzia kwa bei nafuu. Je, uinunue? Kabla hujauza ng'ombe wako, soma somo hili polepole. Likikushinda neno, muulize mwalimu au mwenzako aliye karibu.

Gari hili lilitoka wapi?

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Nchini Uingereza chuma kilikuwa haba, kikatolewa kwa mgawo. Lakini aluminiamu ilikuwapo, kwa sababu wakati wa vita ilitumika kutengeneza ndege. Mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba huko Wales. Shambani alitumia Jeep, gari la jeshi la Kimarekani. Akaona kampuni yake nayo inaweza kutengeneza gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili mwaka 1948.

Basi asili ya gari hili ni shamba. Huku kwetu wengi walilijua kama gari la Bwana Shamba, la polisi, la mganga na la askari wa wanyama pori. Aina ya kwanza, Series I, ilitengenezwa mpaka mwaka 1958. Series II na IIA zikafuata mpaka 1971, kisha Series III mpaka 1985. Jina la Defender lilianza mwaka 1990, na Defender ya mwisho ya muundo ule wa zamani ilitoka kiwandani Januari 2016. Watu hawajaziacha. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha, wakapita barabarani kwa msafara mrefu sana.

Usidanganywe na rangi

Chukua sumaku, iweke juu ya boneti. Haishiki. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, jamaa ya sufuria yako ya kupikia ugali. Haipati kutu ya chuma. Kwa hiyo gari la miaka 50 laweza kuonekana zima kabisa kwa juu. Pigilia mabonde yake kwa nyundo ya mti, pakaza rangi, nalo litameremeta.

Lakini chini ya bodi kuna chesisi, na chesisi ni chuma. Chesisi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Imeundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa yakawa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia katika uwazi huo na kukaa humo. Kutu huanza ndani, ikala kuelekea nje. Utakapoiona kwa macho, imekwisha kufanya kazi yake.

Mjomba wangu alinunua Land Rover kwenye mnada. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani. Hakuchungulia chini. Baada ya miezi michache akapakia magunia ya mahindi kwenda sokoni. Kwenye korongo la kwanza chesisi ilikatika kwa nyuma, mahindi yakamwagika. Hakuna aliyeumia. Lakini ng'ombe wawili aliowauza ili apate gari lile walikuwa wamekwisha kwenda.

Kwa hiyo, lala chini ya gari. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, kama kugonga kibuyu, tena magamba ya kutu huanguka. Gonga zaidi boriti ya nyuma kabisa, mahali springi zinaposhikwa, na mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Kisha tazama ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Hapo pia huoza, hasa pale dereva anapokanyagia. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma utaona unga mweupe. Huo nao ni ulaji wa namna yake, lakini si wa kukuzuia kununua.

Mwenye gari asipokuruhusu kugonga, rudi nyumbani na fedha zako.

Soma pia kadi ya gari. Namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye kadi lazima ilingane na ile iliyopigwa kwenye chuma. Katika magari mengi ya aina hii imepigwa kulia kwa mbele, karibu na mahali springi inapofungwa. Ifute grisi na tope mpaka uisome mwenyewe, tarakimu moja moja. Usikubali kusomewa.

Daftari kwanza, spana baadaye

Umenunua. Sasa usikimbilie kufungua kila kitu kwa siku moja. Magari mengi yaliyofunguliwa hivyo hayakufungwa tena. Nunua daftari na penseli. Kila unapofungua kifaa, andika jina lake, kilitoka wapi na kilifungwa kwa nati ngapi. Tia nati zake katika kopo, na juu ya kopo bandika karatasi yenye jina hilohilo. Fundi akiugua au akihama, daftari litabaki. Andika pia kila shilingi uliyotoa. Katika ukurasa huo utajua mapema kama gari linataka kula shamba lako.

Injini iliyolala miaka mingi usiiwashe kwa haraka. Kama ni ya petroli, fungua plagi zote nne. Mimina oili kidogo katika kila tundu, iache usiku kucha. Asubuhi izungushe kwa mkono kwa kutumia hendeli ya mbele. Ikizunguka kwa ulaini, una bahati. Ikigoma, usiilazimishe. Ongeza oili, ngoja tena. Ukishika hendeli ili kuwasha, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, na vuta kwenda juu. Injini ikipiga teke, hendeli itachomoka mkononi bila kuvunja gumba lako. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa kama maziwa, maji yameingia ndani, na huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.

Kazi ya kuchomelea chesisi mpe fundi mwenye ujuzi. Mwambie akate chuma kilichooza mpaka afikie kizima. Kiraka kilichochomelewa juu ya kutu hakidumu hata masika moja. Hapa nataka usome mara mbili: tangi la petroli lazima liondolewe kabla ya kuchomelea, likawekwe mbali. Katika Land Rover nyingi tangi lipo chini ya kiti cha mbele, karibu sana na chesisi. Wengine husema, "Tangi ni tupu, hakuna neno." Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke wa petroli, na mvuke huo ndio unaolipuka. Fungua na nyaya za betri. Wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara.

Breki nazo zina mambo mawili. Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu, kwa hiyo usilipulize. Lifute kwa kitambaa kibichi. Tena tia mafuta ya breki tu. Oili ya injini huvimbisha mipira ya breki, na siku moja mteremkoni utakanyaga bure.

Vijiti viwili

Karibu na gia utaona vijiti viwili. Kimoja kina kirungu cha njano, kingine chekundu. Ukibonyeza cha njano chini, magurudumu ya mbele nayo husukuma gari. Ukivuta chekundu nyuma, gari huingia katika gia nzito, na magurudumu yote manne hufanya kazi hata kama hukugusa cha njano. Simamisha gari kabla ya kuvuta chekundu. Ukitaka kurudi magurudumu mawili, simama, vuta chekundu nyuma, kirudishe mbele, na cha njano kitaruka juu chenyewe.

Tumia magurudumu manne kwenye tope, mchanga na mlima wa mawe. Usiyatumie kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope huteleza kidogo, basi yanasawazika. Kwenye lami hayawezi kuteleza. Nguvu yote huishia kwenye shafti, na shafti za nyuma za magari haya hukatika upesi. Madereva wengi husema gari ni bovu, kumbe ni wao.

Maswali

Kwa nini bodi ya Land Rover haishiki sumaku? Tangi tupu la petroli lina hatari gani? Mjomba alikosea wapi, nawe ungefanya nini mahali pake?

Kazi ya darasa: Nendeni kwenye gari bovu lililo karibu. Ombeni ruhusa kwa mwenyewe. Gongeni chesisi, sikilizeni, kisha kila mmoja aandike katika daftari lake mahali alipokuta kutu.